Tone Moja kwa Kila Pini

Alhamisi asubuhi, nyumbani kwake Sapiwi, Mektilda aliigeuza baiskeli juu chini uani, akaisimamisha kwa tandiko na usukani, akaanza kufuta cheni kwa kipande cha kanga kuukuu. Alifuta pini moja moja, kama mtu anayemnawisha mtoto vidole. Kanga ilitoka na wekundu. Kutu ilikuwa imeanza kushika tangu Jumatatu, siku ambayo mvua ilianza kumfuata.

Ilikuwa Februari, na mvua za mwaka huo zilikuwa zimekatika kabla mahindi hayajabeba. Jumapili kanisa zima lilifunga na kuomba mvua. Jumatatu ikaja, ikanyesha juu ya Mektilda peke yake, eneo lenye upana wa ngozi mbili za ng'ombe. Ilinyesha akiwa njiani tu. Akifika mahali na kupiga hodi, ilikatika. Akiondoka, ilianza tena. Katekista alisema maombi yamejibiwa, na kama Mungu ameamua kuanza na mmoja, ni vyema. Mektilda alipiga magoti akashukuru, kisha akapanda baiskeli akapita katikati ya mistari ya mahindi ya majirani hadi jioni.

Jumanne Novatus alimpigia simu kutoka kijijini kwao, mbele kidogo ya Bukundi.

"Dada, mama anakuulizia. Hali si nzuri. Kama unakuja, Jumatatu isipite."

Mama yake Novatus, Nyanjige, ndiye aliyemlea Mektilda tangu mama yake mzazi alipofariki. Mektilda alipokuwa na miaka sita aliugua surua, na Nyanjige alimbeba mgongoni siku mbili kumfikisha hospitali. Sasa Mektilda alikuwa na miaka hamsini na sita, na hakuwa amewahi kukaa mbele ya mwanamke huyo akamshukuru. Kila alipokwenda kulikuwa na msiba, au mavuno, au wageni. Aliona kwamba akifika baada ya Jumatatu, neno hilo litabaki mdomoni mwake mpaka naye atakapokufa.

Jumatano basi lilikuwa limemkataa.

"Mama, shuka tu," konda alimwambia. "Humu ndani watu wana unga."

"Nitakaa nyuma kabisa."

"Nyuma kuna godoro la bibi harusi."

Kwa hiyo ikabaki baiskeli, siku nne za njia. Alimaliza kufuta cheni, akaitia mafuta ya cherehani, akafunga chupa na vitambaa kwenye keria, akasali, akaondoka. Mvua ilimpokea getini.

Safari haikuwa mbaya. Baada ya mji wa Bariadi watu walimwona kwa mbali, kwa sababu alionekana kama nguzo ya kijivu inayotembea juani, wakatoka na ndoo na sufuria. Walikimbia pembeni yake wakikinga maji. Wengine walimwomba azunguke shamba mara moja, na Mektilda hakuweza kukataa jambo ambalo yeye mwenyewe aliliomba kwa kufunga. Alizunguka. Kila mzunguko ulimlia dakika, na kila mzunguko uliila cheni. Jioni, alikolala, alifuta, akakausha, akatia mafuta. Asubuhi wekundu ulikuwa umerudi.

Ijumaa jioni, kijijini Lingeka, mafuta ya cherehani yalikwisha. Alikuwa amefikia kwa mzee Luhaga, mwenye ng'ombe wengi, na alikuwa amemzungukia shamba lote mpaka jua likazama. Luhaga aliingia ndani akatoka na kibuyu cha samli.

"Paka hii, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Baba, si ingefaa oili chafu kidogo? Hata ya pikipiki."

"Mafuta ya dukani ni ya watu wasio na ng'ombe," alisema Luhaga.

Samli ya mwenyeji haikataliwi. Mektilda alipaka cheni yote, Luhaga akisimama juu yake na kuonyesha palipobaki pakavu.

Kesho yake, kabla hajafika mbali, alikuwa na ndama saba nyuma yake na mbwa wawili mbele. Kila aliposimama, ndama walilamba cheni. Ilimbidi awarudishe hadi zizini kwa Luhaga, na nusu ya siku ikaenda hivyo. Palipo na ukavu kando ya njia, upepo ulirusha vumbi likaingia kwenye samli likakaa. Alifika Mwanhuzi Jumamosi jioni akiisukuma baiskeli kwa mikono.

Fundi Josia alikuwa anafunga kibanda. Aliinama akagusa cheni kwa kidole.

"Nani kaipikia ugali hii?"

"Ni samli."

"Ya Lingeka?"

"Ndiyo."

"Nilijua. Kila mwaka wananiletea."

Alivua cheni akailoweka kwenye kopo la mafuta ya taa, akaisugua kwa mswaki, akaianika kwenye kamba kama nguo. Kisha akamwonyesha. Kwanza kausha, hata kama una haraka. Halafu tone moja kwa kila pini, upande wa ndani, ukizungusha pedali kinyumenyume. Subiri yazame. Mwisho futa yote ya nje, kwa sababu mafuta ya nje kazi yake ni kukusanya mchanga tu.

"Na usilale nayo ina maji, mama. Kutu hufanya kazi wewe umelala."

"Itafika Bukundi?"

"Kufika itafika. Pini tatu zimeliwa. Kurudi sijui." Alimpa chupa ndogo ya oili, akakataa malipo. "Ila asubuhi kabla hujaondoka, pitia kwa mke wangu. Ana bustani ya mchicha."

Cheni hiyo ilikuwa na pini mia moja na kumi na mbili. Tangu jioni ile Mektilda alitia tone moja na Salamu Maria moja kwa kila pini, na hakuona kama anamchosha Mungu. Jumapili kutu haikushika.

Alifika Jumatatu saa nne asubuhi. Alipiga hodi, mvua ikakatika, Novatus akampokea baiskeli.

Nyanjige alikuwa amelala kwenye mkeka. Nyonga yake ilivunjika Januari, shimo la mchanga lilipomporomokea mtoni. Wanawake wa kijiji hicho walichimba mchanga wa mto kutafuta maji, na maji yenyewe yalikuwa ya chumvi. Nyumba ya pampu ilijengwa na mradi wa maji miaka minne iliyopita, ikapakwa rangi ya bluu. Ndani yake hamkuwa na pampu.

Mektilda alipiga magoti, akamshukuru kwa Kisukuma. "Mayu, wabeja."

"Wabeja ya nini?"

"Ya mgongo wako. Ile siku ya surua."

Nyanjige alifikiri kidogo. "Ulikuwa mwepesi," alisema. Kisha akamshika mkono, wakakaa hivyo muda mrefu, na Mektilda akalia bila kujificha.

"Novatus anasema umekuja na maji."

"Yako nje, mayu. Yananyesha nikitembea tu."

"Basi nipakie. Naoga chumvi, ngozi inaniwasha usiku na mchana. Nataka kuoga maji matamu kabla sijamwona Mungu."

Novatus alitazama baiskeli. "Cheni ikikatika naye yuko juu?"

Mektilda aliipindua, akaikausha cheni, akaanza pini ya kwanza. Nyanjige alimsubiri mlangoni, amefungwa nyonga kwa kanga mbili.

"Unaiombea cheni au unaniombea mimi?"

"Wote wawili, mayu."

Mahali pekee penye ardhi iliyosawazishwa palikuwa kuizunguka nyumba ya pampu. Walimketisha Nyanjige kwenye keria juu ya mto wa kulalia, Novatus akimshika kiuno, na Mektilda akakanyaga pedali polepole. Mvua ikaja. Nyanjige alivua kitambaa cha kichwa, akainua uso. Wanawake walileta sabuni, wakamsugua mgongo huku wakitembea, wakapanga mabeseni kuzunguka nyumba ile ya bluu, yakajaa. Walizunguka mara tisa. Cheni haikulia hata mara moja.

Katika mzunguko wa tisa gari la mradi lilifika na wageni watatu waliokuja kukagua. Waliona tope, mabeseni yaliyojaa, na bibi aliyelowa akicheka.

"Ni mvua ya huyu mama," mwenyekiti wa kijiji aliwaeleza. "Pampu bado haijaletwa."

Mgeni mwenye fomu aliitazama mvua, akaitazama fomu. "Hapa hakuna sehemu ya mvua," alisema kwa upole. Akamwendea Nyanjige. "Shikamoo, bibi. Maji mnayaonaje?"

"Marahaba. Matamu."

"Yanatosha?"

"Mimi yamenitosha, mwanangu. Wabeja sana."

Akaandika: matamu, yanatosha. Mwenzake akapiga picha, Nyanjige akiwa katikati, nyumba ya pampu nyuma yake. Wakaaga kwa heshima, wakaondoka.

Nyanjige alikaushwa, akapakwa mafuta, akalala mchana kutwa bila kujikuna. Mektilda alikaa kando yake akishukuru kwa sauti ndogo, akitaja jambo moja baada ya jingine: samli, fundi, mchicha, nyonga iliyovumilia. Alipotoka nje jioni, mvua haikumfuata. Alisimama kidogo, akasema asante kwa hilo pia.

Mabeseni yalikuwa yamekwisha. Wanawake walikuwa wanateremka mtoni na majembe na ndoo tupu. Novatus alimpa jembe la mama yake, na Mektilda akawafuata.