Mbuzi wa Nafasi ya Tatu

Usiku wa jana niliota nimekuwa mbuzi wa pilau, tena kwenye harusi yangu mwenyewe. Msicheke.

Kazi ndiyo iliyoniponza. Jana kutwa, badala ya kumsikiliza mchumba wangu Saumu kwenye simu, nilikuwa nabadilisha dereva wa hifadhidata, yaani ile programu inayobeba swali na kulipeleka kwenye data. Dereva wa zamani alitaka kila jina litanguliwe na nukta mbili. Huyu mpya hajui majina. Unamwekea alama za kuuliza, naye anazijaza kwa kufuata nani katangulia.

Basi ndotoni dereva mpya anakuja na lori kutupeleka kwa kadhi. Kavaa kofia, na usoni hana macho wala pua, ana alama ya kuuliza tu.

"Mimi Hatibu, bwana harusi," namwambia, huku nukta mbili zangu zimening'inia kifuani.

"Hizo mpelekee mwenzangu wa zamani. Hapa wa kwanza bwana, wa pili bibi, wa tatu kitoweo."

Natazama foleni. Wa kwanza mbuzi. Wa pili Saumu. Mimi nilichelewa nikimalizia kuchapa, nipo wa tatu.

Lo! Lori limeshakuwa ukumbi. Kadhi anamuuliza mbuzi kama amekubali.

"Meee."

"Amekubali," anasema kadhi.

Shangazi yangu anakuja na kisu, ananibinya paja.

"Shangazi, ni mimi, Hatibu!"

"Mbuzi wa siku hizi wana maneno," anakiambia kisu.

"Na nyama ngumu," kinajibu kisu.

Napiga kelele, "Saumu, waambie basi!"

"Niwaambie nini? Mwezi mzima naongea peke yangu. Mwenzio ananisikiliza mpaka mwisho."

Mbuzi anainamisha kichwa kwa adabu. Kisu nilikiogopa, lakini hilo neno liliniuma zaidi.

"Sema, Saumu. Nakusikiliza."

Anafungua mdomo. Shangazi anasema bismillahi. Nikaamka.

Kumekucha. Kanzu yangu ya harusi ilikuwa mlangoni, pindo limetafunwa. Nikasema ni panya. Simu ikalia.

"Asante kwa jana usiku," alisema Saumu, kwa sauti ambayo sijaisikia siku nyingi. "Nimeongea weee, hukunikatiza hata mara moja. Ila kunywa tangawizi, Hatibu. Kila nikinyamaza unasema 'meee'."

Kompyuta ilikuwa mezani, inaniita. Nikaifunga.

"Hebu anza tena, mpenzi," nikamwambia. "Tangu mwanzo."