Pingamizi la Mzee Bujiku

Kamati ya tuzo za wahitimu wa chuo chetu pale Iringa inaongozwa na Dokta Kalinga, Mlutheri wa kutupwa, na ni yeye aliyeleta mtindo wa kutangaza majina ya waliopendekezwa kama ndoa zinavyotangazwa kanisani. Jina linabandikwa ubaoni, linarushwa kwenye grupu la wahitimu, kisha mwenye pingamizi anaambiwa aje aseme mbele ya kamati. Mimi nilishasema huu ni ujinga. Unataka kumheshimu mtu, halafu unawaalika wabaya wake waje wamchafue. Na nilisema kwa nguvu, maana mimi Tekla nikiudhika sauti hupanda yenyewe. Waulizeni wateja wangu wa mbao kule Mafinga.

Mwaka huu nilimpendekeza Leokadia. Tulilala chumba kimoja muda wote wa chuo, mimi Mhehe, yeye Msukuma wa Usangu, na leo ni afisa mifugo huko kwao Mbarali. Miaka sita iliyopita homa ya mapafu iliingia kwenye ng'ombe wa bonde lile. Leokadia akaliona boma ilipoanzia, akataka ng'ombe wote wa boma hilo wachinjwe na kufukiwa, na mnada ufungwe. Ugonjwa ukaishia palepale. Watu ambao mali yao yote ni ng'ombe wakabaki na mali yao. Hayo niliyaandika. Jambo moja sikuliandika, kwa kuwa mwenyewe aliniomba niliache: lile boma lilikuwa la baba yake mzazi.

Mnada ulipofunguliwa tena, baba huyo, Mzee Bujiku, alisimama katikati ya watu akatangaza kwamba hana mtoto anayeitwa Leokadia. Tangu hapo hakusema naye neno. Leokadia aliponisimulia hakulia. Alisema tu, "Nilijua itakuwa hivyo, Tekla."

Sasa, Ijumaa ya mwisho ya mapingamizi nimekaa kwenye korido ya chuo, najipongeza kwamba hakuna aliyejitokeza, mara bajaji ikasimama nje. Akashuka mzee mrefu, koti zito, fimbo mkononi, viatu vya tairi. Nilimtambua hapohapo, maana siku ya mahafali yetu alicheza ngoma mpaka walinzi wakamwomba apumzike. Roho ikanipasuka paa. Pingamizi la baba mzazi, nani atalipinga?

"Shikamoo, mzee," nikasema, lakini kwa meno.

"Marahaba. Wewe ndiye Tekla."

"Ndiye mimi. Na wewe umekuja kumharibia mwanao. Kumkana mnadani hakukutosha, umepanda basi mpaka Iringa kummalizia?"

Watu wakachungulia kutoka ofisini. Mzee akanitazama bila hasira.

"Binti," akasema, "nionyeshe mlango wa hao watu wa pingamizi."

Niliingia nyuma yake bila kualikwa, na hakuna aliyethubutu kunitoa. Dokta Kalinga akamvutia kiti, mzee akakikataa.

"Mzee wetu, una pingamizi juu ya Leokadia?"

"Ninalo juu ya hayo mliyoandika. Katekista wetu amenisomea kwenye simu. Mmeandika ng'ombe wa boma moja walichinjwa. Boma la nani?"

Kalinga akanigeukia. Nikatazama chini.

"Andikeni ni boma la Bujiku," mzee akasema. "Andikeni ni baba yake."

Akaegemea fimbo yake, akaanza kuongea polepole, Kiswahili chake cha Usangu.

"Huyu mtoto nilimsomesha kwa ng'ombe. Kila ada ikidaiwa, naenda mnadani. Waliobaki ndio aliowakuta wanakohoa. Alikuja jioni, peke yake. Nikamwambia, mwanangu, hapa tuko wawili tu. Sema ni wazima. Kesho nawahamisha, nani atajua? Nikamtajia na marehemu mama yake. Akalia. Akanipigia magoti akaniomba msamaha. Nikadhani amekubali. Kumbe msamaha ulikuwa wa kile anachokwenda kufanya. Akasimama, akapiga simu wilayani, mimi namsikia."

Hakuna aliyeandika tena. Hata kalamu ya katibu ilikuwa imelala mezani.

"Siku ya kuchinja wenzake walimwambia akae mbali. Hakukaa. Alisimama langoni, na kila ng'ombe akipita anamtaja kwa jina. Aliwachunga hao, anawajua wote. Mimi nikaona ni ukatili. Miaka yote hii nimesema ni ukatili. Majirani wakawa wananipa mitamba nianze upya, nikadhani wananionea huruma. Juzi nikamuuliza mmoja. Akaniambia, 'Si huruma, Bujiku. Ng'ombe wetu wamepona kwa sababu wako wamekufa. Tunakulipa, ila wa kushukuriwa ni binti yako.' Sikulala."

Akafuta uso kwa mkono wa koti.

"Mimi baba yake nilitaka kuuza ugonjwa kwa jirani zangu. Yeye akakataa, akijua atanikosa. Basi pingamizi langu ni hilo. Mmemwandika kidogo."

Mimi nimeona mengi. Nimeona msonobari mrefu kuliko kanisa ukianguka msituni Sao Hill na ardhi ikatetemeka chini ya miguu yangu. Lakini siku ile nywele zilinisimama. Nililala chumba kimoja na mtu huyu, nikimpigia kelele kwa kumaliza sabuni yangu, na sikujua ninaishi na mtu wa namna gani. Nilijikaza kisabuni nisilie, nikashindwa.

Kalinga alivua miwani. "Mzee, haya umeshamwambia mwenyewe?"

"Hapana. Nilimkana mbele ya watu. Nimeona nianzie mbele ya watu wengine, nijue kama mdomo utafunguka."

"Umefunguka. Hapa tumemaliza, tuzo ni ya kwake, na yote uliyosema yataandikwa. Ila ulimkania mnadani, mzee. Sisi hatuwezi kukufutia."

"Najua," akasema. "Mnada ni kesho."

Alfajiri nilimpakia kwenye pikapu yangu ya mbao, tukashuka mpaka Igawa, kule kwao Mbarali. Njiani nikamwomba radhi kwa mdomo wangu. Akasema haidhuru, sauti kama yangu inafaa kuitia ng'ombe. Nilicheka mpaka nikapunguza mwendo.

Mnada ulikuwa karibu na barabara kuu, vumbi tupu. Leokadia alikuwa langoni na mabuti yake, anakagua mifugo inayoingia. Alipomwona baba yake anashuka kwenye gari langu, alisimama kama amesahau anafanya nini. Kisha akapiga magoti palepale kwenye vumbi.

"Mwangaluka, baba," akamwamkia kwa Kisukuma.

Mzee hakumwitikia. Aliwageukia watu, na watu wakaanza kusogea, maana wote walikumbuka.

"Mnanijua. Mimi Bujiku. Hapahapa nilisema sina mtoto. Nilisema uongo. Mtoto ninaye, ni huyu, na aliyekosa ni mimi." Ndipo akamwinamia, akamshika mkono, akamwinua. "Mwangaluka, mwanangu. Ng'ombe wangu ni wale pale, niliagiza waletwe kuuzwa. Kawapime."

Leokadia akaenda. Machozi yanatiririka, hayafuti, anapita kwa mmoja mmoja, anaweka kipimo cha kusikilizia mapafu ubavuni, anasikiliza. Mnada mzima ulisimama kumtazama. Alipofika kwa dume mmoja mwekundu, aliyenona kuliko wote, akasikiliza. Akahamia upande wa pili, akasikiliza tena. Kisha akarudi upande wa kwanza.

Nikaelewa. Nikamwomba Mungu, si leo. Mwache aseme ni mzima, leo tu, mimi Tekla nimemsamehe kabla hajasema. Nilitaka kupiga kelele na kwa mara ya kwanza sauti yangu haikutoka.

Leokadia alinyoosha mgongo, akamtazama baba yake.

"Baba," akasema, na sauti ilitetemeka lakini kila mtu aliisikia, "huyu hauzwi. Na wenzake wote wasubiri mpaka nipate majibu ya vipimo."

Mzee alimtazama yule dume, kisha akawatazama watu.

"Mmemsikia mwanangu," akasema.

Akachukua fimbo yake, akaenda kuwatoa ng'ombe wake mnadani mwenyewe, na watu wakampisha.