Sebule ya Kuazima

Mdodosaji alibakiza nyumba moja tu, ya bibi dobi, na aliiona ni mteremko. Karatasi za hospitali zilishasema yote: mjane, hana mtoto aliye hai, figo zimechoka, damu husafishwa kila Jumanne na Ijumaa kwa kadi ya bima inayolipiwa na serikali. Kazi ya mdodosaji ilikuwa kuhakiki tu kama bibi bado hajiwezi.

Alipoingia, alisita mlangoni. Makochi ya velveti. Televisheni pana kama meza. Friji jeupe linanguruma pembeni kama paka aliyeshiba. Bibi alikaa ukingoni mwa kochi, mkono wa kushoto umevimba kwa sindano, gauni limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

“Karibu mjukuu wangu. Kaa, kochi haling’ati.”

Hakukaa. Simu ya kazi ilitaka picha nne za chumba, na muda wote ilikuwa inarekodi sauti. Mwezi uliopita mwenzake alimnong’oneza mgonjwa jinsi ya kujibu. Kesho yake hakuonekana kazini, na hakuna aliyethubutu kumuulizia.

“Bibi, vitu hivi ni vyako?”

Dirishani majirani wawili walikuwa wanachungulia. Bibi akawatupia jicho, akanyoosha shingo.

“Vya nani tena?”

“Fikiri vizuri. Labda umeazima?”

“Mimi? Nimefua nguo za watu miaka arobaini, sijaazima hata kipande cha sabuni!”

Mdodosaji alimkodolea macho, akatikisa kichwa polepole, amwelewe. Bibi akadhani mgeni ana kizunguzungu, akamwitia maji. Hapakuwa na la kufanya. Alipiga picha, akabonyeza kutuma. Simu ikafikiri kidogo, kisha ikaandika kwa rangi nyekundu: HASTAHILI.

Hajafika hata barabarani, akapishana na jirani mwenye mwili mkubwa, nyuma yake wanaume wawili na mkokoteni.

“Umemaliza dada? Nataka friji langu, maziwa yasije yakaganda.”

Alirudi mbio. Sebule ilikuwa inafumuliwa na wale majirani wa dirishani. Palipokuwa na kochi pamebaki ndoo imefunikwa kanga, na bibi amekalia hiyo ndoo, anacheka.

“Sasa mwanangu, mgeni wa serikali nimkalishe kwenye ndoo? Masikini ana aibu yake.”

“Bibi, wamekutoa.”

“Wamenitoa wapi?”

Alimweleza. Kicheko kikafa kidogo kidogo, kama moto wa karatasi.

Alasiri ile mdodosaji alimpigia msimamizi wake, akamweleza kila kitu.

“Picha ni picha,” msimamizi alisema. “Akate rufaa. Majibu siku tisini.”

“Siku tisini hana.”

“Na wewe sauti yako tumeisikiliza. Mara mbili unamuuliza kama ameazima. Jumatatu njoo ofisini.”

Ijumaa, badala ya kwenda kazini, mdodosaji alimshika bibi mkono mpaka hospitali. Dirishani mhudumu aliingiza kadi, akaitoa, akaifuta kwenye koti, akaiingiza tena.

“Haisomi, bibi. Subirini pale.”

Walikaa kwenye benchi. Vifundo vya miguu ya bibi vilikuwa vimejaa, viatu haviingii tena. Mlangoni waliitwa wa kwanza, wa pili, wa tisa. Kila jina lilipotajwa, bibi aliinuka nusu, akaketi.

Saa nane mhudumu alifunga dirisha bila kuwatazama.