Gita Nyuma ya Pazia

Katika barabara yao yote ya mtaa wa Kikula, Mama Émérence ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwa na televisheni, na hilo alilisema hata kwa mtu aliyemuuliza bei ya mboga zake za lengalenga. Wa kwanza kabisa. Ukimtoa mwalimu mkuu, aliongeza mwenyewe. Ukiitoa na baa ya Léon. Na ile ya mwalimu mkuu ilikuwa kubwa zaidi, tena haikuhitaji kupigwa kofi ubavuni ndipo ionyeshe watu wenye vichwa.

Sanduku hilo aliachiwa na mumewe, aliyelinunua alipostaafu kiwandani, akafa kabla hajajua ni kitufe kipi kinazima. Mwanzoni majirani walijaa sebuleni mpaka wengine wakachungulia dirishani. Halafu nyumba hii ikanunua yake, na ile ikanunua yake. Sasa mtangazaji aliposema bonsoir, ni Émérence peke yake aliyemjibu. Alimjibu vizuri, hata akamuuliza habari za watoto. Yule bwana hakuwahi kurudisha salamu.

Zamani palikuwa na Octave, mjukuu wake. Octave alilala humo sebuleni, gita lake katikati ya kitanda na yeye karibu aanguke chini. Alipiga ule muziki ambao vijana waliuita roki, gita la umeme linalolia kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Mama Georgette, jirani yao na kiongozi wa wamama wa parokia, akaja na wenzake kusema kwamba ile ni aibu, ni makelele ya Wazungu wenye nywele ndefu, mtoto wa Kikatoliki hapigi vile. Na kwenye televisheni hiyohiyo wake za watu walitikisa viuno kwa ajili ya chama, wamevaa vitenge vyenye uso wa Kiongozi wa nchi, na uso wenyewe umekaa mahali ambapo mtu asingependa picha yake ikae. Hayo yaliitwa asili yetu, na Georgette aliyapigia makofi. Lakini Émérence aliona haya kwa ajili ya lile gita. Alimwambia Octave achague, gita ama nyumba. Octave hakufikiri hata muda wa kumeza mate. Alibeba gita, akaenda Lubumbashi, na hakuna habari iliyorudi.

Kuondoka kwake kulikuwa na hatari nyingine, nayo iliitwa Symphorien: mdogo wa marehemu mume, mkubwa wa ukoo, mvuvi wa kule ziwa Tshangalele. Kwa desturi yao, mjane hakai peke yake mjini. Nyumba isiyo na mwanaume hurudi mikononi mwa ukoo, naye mjane huenda ziwani kupara samaki wa watu. Kwa hiyo Émérence alituma salamu ziwani: Octave yuko, Octave ndiye mwanaume wa nyumba.

Jumapili moja alasiri kipindi cha vijana, cha roki, kilikuwa kinaendelea kwenye televisheni. Tangu Octave aondoke hakukikosa. Makelele yenyewe hakuyapenda hata sasa. Alipenda tu kwamba nyumba ilikuwa na makelele.

"Mama Émérence!" Georgette alimwita juu ya ua. "Sasa weye njo shetani ya roki?"

"Ee, mama. Uniombee, lakini polepole, nisikie gita."

Akiwa bado anacheka alimwona Symphorien getini, koti lake la chama limefungwa mpaka shingoni, mkononi tungo la samaki wa moshi. Émérence alizungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho, akashusha pazia la mlango, akakaa kizingitini kama mtu aliyechoshwa na watoto.

"Jambo, muke wa yaya," alisalimia, yaani mke wa kaka yake.

"Jambo, shemeji. Ikala hapa inje," alisema, akimsogezea kigoda. "Mule ndani hakuna kusikilizana."

"Nilikuya kuona na macho yangu. Bantu banasema uko peke yako. Kama njo vile, kesho tunarudia sisi wote ku ziwa."

"Peke yangu? Hausikie?"

Symphorien alitega sikio. Nyuma ya pazia gita lilipanda, likashuka, likapiga kelele kama mbwa aliyekanyagwa.

"Ni Octave?"

"Nani mwingine? Asubui gita, mangaribi gita. Ataniua, huyu mutoto." Akageuza kichwa na kufoka: "Octave! Punguza!"

Na gita likapungua.

Ilikuwa tu sehemu ya polepole ya wimbo, lakini Émérence aliganda na mkono hewani. Kwa kitambo kile aliamini. Alimwona Octave amekaa mle ndani, kidevu juu ya gita, amenuna kidogo kwa kukaripiwa. Alitaka kuingia amwambie hapana, piga, piga unavyotaka.

"Anasikia," alisema Symphorien, na mguu wake mmoja ulikuwa unacheza bila ruhusa. "Ni mutoto wa heshima. Bon, nitaambia famille nyumba iko na mwanaume."

Akamkabidhi samaki, akasimama, akajikung'uta suruali aondoke.

Gita likakatika. Nyuma ya pazia kundi zima la wanawake likalipuka kwa wimbo wa chama, na vigelegele, na ngoma, na filimbi.

Symphorien alisubiri wamalize ubeti.

"Muke wa yaya, na bale bamama bote banalala wapi?"

"Ni bachumba yake," alisema Émérence.

Symphorien aliinua pazia. Wamama walikuwa wanatikisika ndani ya sanduku, wadogo, wa kijivu, na mbele yao kiti kimoja. Alikitazama kile kiti muda mrefu kuliko alivyowatazama wanawake, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Octave alienda lini?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Jana."

Juu ya kitanda cha Octave yalikuwa yameanikwa mahindi yaliyopukuchuliwa, toka kichwani mpaka miguuni. Symphorien aliokota punje moja, akaitia menoni. Punje, iliyokauka kwa majuma mengi, ilikataa kuvunjika.