Kumi kwa Wawili

Birika la kahawa lilianza kutokota, buk buk buk, kulipokuwa bado giza. Ozite Fontenot alisimama jikoni kwake Opelousas, Louisiana, keshavaa gauni lake la kanisani, akikariri barua ya mahakama. Karatasi haziingii chumba cha kuonana na wafungwa, naye alitaka kumwambia mwanawe yote kwa mdomo wake mwenyewe, polepole, kama mtu anavyomtoa mtoto mwiba.

Verlie Sonnier hapigi honi alfajiri. Aligonga dirisha kwa kucha.

"Shoga, umelala?"

"Nilale na nani? Ingia unywe."

"Kahawa yako hii inafufua maiti."

"Ndiyo maana nakupa. Dereva ni wewe."

Miaka ishirini na mitatu nyuma, Verlie alikuwa mmoja wa raia kumi na wawili walioketi kuamua kesi ya Lionel, mtoto wa Ozite, aliyeshtakiwa kwa mauaji. Kumi walisema ndiye. Verlie na fundi viatu mmoja, sasa marehemu, walisema siye. Karibu kila jimbo la Marekani, wawili hao wangetosha kuzuia hukumu. Louisiana ya siku zile, kumi walitosha kumfunga mtu maisha. Mwaka uliofuata Verlie alibisha hodi kwa Ozite, mkononi ana andazi la viazi vitamu. Tangu hapo ndiye humpeleka gerezani kila mwezi, naye hukaa garini akifuma uzi.

Baadaye mahakama kuu ya nchi ilitamka kwamba sharti wote kumi na wawili wakubaliane. Siku ile Ozite alipika gumbo, supu nzito ya kwao, mtaa mzima ukala. Alipaka rangi chumba cha Lionel, akatandika shuka mpya. Hakuna aliyekumbuka kuuliza kama sheria hiyo inazigusa kesi za zamani. Barua ya juzi ilijibu: haizigusi.

Mwezi huu jina la Verlie lilikuwa limekubaliwa kwenye orodha ya wageni, kwa hiyo walipofika gerezani waliingia wote wawili. Lionel alikuja na nywele zake za mvi. Huko ndani hufanya kazi maktaba, akiwasomea wenzake sheria.

"Mwanangu," Ozite alianza, "kuna barua..."

"Najua, Mama. Uamuzi huo niliusoma wiki mbili zilizopita. Nimewaeleza wenzangu arobaini wenye kesi kama yangu, mmoja mmoja."

"Na mimi hukunipigia?"

"Ilikuwa wiki ya siku yako ya kuzaliwa. Nikasema, mwache mwanamke ale keki yake."

Ozite alicheka. Lionel aliishika mikono yake yote miwili.

"Mlango gani umebaki?" Ozite aliuliza.

"Msamaha wa gavana. Mwisho wa foleni yake mimi sitauona. Kile chumba kipangishe, Mama."

"Sipangishi."

"Kuna baridi, gesi inapanda bei."

"Nimesema sipangishi, Lionel. Usinifundishe nyumba yangu."

Verlie alikuwa ameinamisha kichwa. Alizungumza akiitazama meza.

"Siku ile ya kuamua, nilikuwa bado nasema, baba. Nilikuwa nawaeleza kwamba taa ya ile barabara ilikuwa mbovu, yule shahidi hakuweza kuona uso wa mtu. Kiongozi wetu akahesabu mikono. Ilipofika kumi, akaenda kubonyeza kengele kuwaambia tumemaliza. Hawakunikaripia hata kidogo. Hawakunihitaji tu."

"Taa gani?" Lionel akauliza. "Ya karibu na kanisa?"

Alimwuliza taratibu, naye Verlie akaeleza yote tangu mwanzo, nguzo ilipokuwa na mti uliotia kivuli, mpaka akafika mwisho. Lionel hakumkatiza. Maelezo hayo hayakuwa na mahali pa kupelekwa tena, na wote watatu walilijua hilo.

Askari akatangaza muda umekwisha. Ozite alimbusu mwanawe kwenye paji la uso, akamnyoosha kola.

"Mama atakuja, hilo siliulizi," Lionel alisema. "Nakuuliza wewe, Bi Verlie. Mwezi ujao utaingia tena unione?"