Saa Thelathini kwenye Prizi Moja

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nasema mapema ili musinitafutie mwenzangu.

Nachaji simu za watu karibu na soko la Kasongo, kwa umeme wa jua ninaouweka kwenye batri kubwa. Dorothée alifika kwa pikipiki toka Kabambare na ordinatere, kompyuta yake, ambayo batri ilikufa zamani. Ukichomoa waya, inazima palepale. Alitaka prizi yangu moja yenye nguvu kwa saa thelathini. Nikamuuliza anapika nini humo. Akanieleza bila haraka: gesi ikitiwa joto kali sana inakuwa plasma, na ya kwake inapita hata joto la jua, na hakuna chungu kinachoiweza, kwa hiyo wanaizungusha ndani ya pete kwa nguvu ya sumaku, isiguse kitu. Programu yake inahesabu wapi itatorokea. Nikamwambia aanze na mbuzi za Kabambare. Akacheka, akachomeka. Profesa wake alitaka matokeo Ijumaa kabla ya saa nane mchana; akikosa, hatetei kazi yake ya chuo mwaka huu.

Ijumaa asubuhi nikakuta kioo cheusi. Kwangu mimi, kitu kikinyamaza kimeshiba. Nikachomoa, nikaweka simu nane za Muhindo, mchimba dhahabu wa Lusangi.

Saa mbili Dorothée akafika, nami nikamtangazia kwa furaha kwamba mashine yake imejaa. Kumbe kioo tu ndicho kilikuwa kimelala. Hesabu ilikuwa inakimbia. Nimeshapoteza mashimo mawili ya dhahabu na pikipiki moja, najua sura ya mutu aliyepoteza. Yake haikuwa hiyo. Programu yake, alisema, inaandika kila saa mahali ilipofika. Itaanzia saa ya ishirini na tano. Zimebaki tano tu, na zinatosha, prizi ikirudi sasa hivi.

Muhindo, aliyekuwa anangojea palepale, akakataa. Simu za watu wake zilikuwa nusu, na vyote vikikaa pamoja umeme wangu unaanguka. Nikamwomba, nikamtania, nikamwahidi nafasi ya kwanza mchana. Wapi. Dorothée akamweleza naye habari ya gesi na sumaku.

“Gesi haiko hapa, sumaku haiko hapa,” Muhindo akasema. “Dada, unahesabu kitu chenye haujaona na macho, mimi nikungojee?”

“Papa Muhindo,” Dorothée akamjibu, “lile shimo lako la Lusangi, uliona dhahabu kwanza ndiyo ukaanza kuchimba? Toa simu.”