Pilipili ya Dawudi

Mgonjwa wa hospitali hula kinachotoka nyumbani. Hilo hata mtoto anajua. Kwa hiyo Dawudi alipoanguka kutoka juu ya lori na kuvunjika mguu, dada yake Rukiah hakulia. Aliuliza tu, "Sasa nani atampikia?" na jibu alikuwa nalo. Dawudi, babu mzima wa miaka sitini, hali chakula cha mkono wa mtu ila wa dada huyu aliyemlea. Mke wa kwanza aliondoka kwa sababu hiyo. Wa pili naye aliondoka, ila yeye alisema wazi.

Lakini ulikuwa mwaka ule wa korona. Langoni mwa hospitali alisimama askari Ocira, barakoa imelala kidevuni, akasema hapiti mpishi bila karatasi ya kipimo.

"Kipimo cha nini, afande? Cha chumvi?"

"Cha pua, Hajati."

"Hajati ni aliyefika Makka. Mimi nimefika soko la Kalerwe tu."

Asubuhi ya Jumatatu, kabla ya kwenda kupimwa, Rukiah alifanya kama mwanamke yeyote mwenye adabu anayesikia mgeni yuko njiani: alifagia. Alichemsha majani ya mkaratusi, tangawizi na ndimu, akajifunika blanketi juu ya sufuria. Akaona pua bado ina vumbi. Akatwaa chupa ya pilipili, ile aliyoianika na kuisaga binamu yao Zuleika kule Bombo, ile ambayo Dawudi akiikosa husema hajala. Akamimina. Yote. Kisha akavuta pumzi.

Alipofika kwenye hema la kupimia, kando ya lango, macho yalikuwa mekundu, pua inachuruzika, kikohozi kinamrusha kama mtu aliyepanda punda. Foleni ya watu sabini ikapasuka katikati.

"Mpisheni jaja! Bibi apite!"

Rukiah akapita, mabega juu. Kumbe Kampala bado ina watoto wenye heshima!

Heshima hiyo ilimfikisha kwenye hema la pili, la wanaoshukiwa kuwa wagonjwa.

"Umekuwa hivi tangu lini, mama?" aliuliza muuguzi, sista Lanyero, kutoka nyuma ya barakoa mbili.

"Tangu saa kumi na mbili. Ni pilipili, binti yangu."

"Pilipili?"

"Nilikuwa nafagia pua. Nisiwachafulie kijiti chenu."

Lanyero akaandika maneno mengi kuliko aliyoambiwa. Kijiti kikaingia, kikaingia, mpaka Rukiah akadhani kinatafuta utosi.

"Nenda nyumbani, ujitenge. Majibu Jumatano, kwa simu."

"Na ndugu yangu ale nini mpaka Jumatano?"

"Ujitenge, mama."

Akajitenga, chumba kimoja cha Kawempe, yeye na simu wanatazamana. Jumatano simu haikusema kitu. Alhamisi ililia, Rukiah akaidaka kwa mikono miwili: kampuni ya simu ilitaka anunue wimbo wa kuwaburudisha wanaompigia. Siku zote mbili alikuwa amepika mchuzi wa bamia, ujumbe ukija tu aondoke, na siku zote mbili aliuacha mlangoni, majirani wakaula. Walimsifu sana. Sifa zao zilimkera kuliko njaa ya Dawudi.

Ijumaa alfajiri ujumbe ukaja: hana ugonjwa. Akapika tena, akajitwika kikapu, akafika langoni anahema. Ocira alisoma ujumbe taratibu, kidole kikitembea juu ya kioo cha simu.

"Umepimwa Jumatatu. Kipimo kinafaa siku tatu. Leo ya nne. Kimeisha."

"Kimefika leo!"

"Kimefika kimeisha. Nenda upimwe tena."

"Wewe Ocira, mama yako anaijua kazi unayofanya?"

"Anaijua. Juzi nilimrudisha."

Utamfanya nini mtu kama huyo? Rukiah akarudi kwenye foleni, mtu wa arobaini na moja, mchuzi unapoa kichwani. Safari hii pua ilikuwa kavu, na hakuna aliyempisha.

Jua lilikuwa limepanda alipomwona Dawudi anatoka langoni kwa magongo, karatasi ya kuruhusiwa mfukoni.

"Dada! Kumbe uko hapa? Nikadhani korona imekuchukua."

"Nani alikulisha?"

"Akot, mke wa mgonjwa wa kitanda cha pili. Alikuwa ndani tangu kabla ya amri ya vipimo. Anapika malakwang, mboga ya majani kwa karanga, dada... Acha tu!"

Rukiah alihisi kile kijiti kikiingia tena, safari hii kifuani. Siku tano hajalala akimfikiria mtu asiyekula mkono wa mtu, na mtu mwenyewe mashavu yamejaa!

Alitoka kwenye foleni, akamkalisha kwenye ukingo wa ukuta, akafungua kikapu. Dawudi akamega ugali, akachovya, akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Dada, mbona pilipili ya Zuleika hakuna?"

Njia ya Bombo ilikuwa imefungwa, na ile chupa ilikuwa tupu tangu Jumatatu.

"Ilipelekwa kupimwa," alisema Rukiah, akijipangusa pua. "Haijarudi. Kula."